Baba Alisubiri Kustaafu Ndipo Awinde, Akarudi Mikono Mitupu, Lawama Akabebeshwa Mama

Wakuu, marahaba.

Najua hamjanisalimia. Humu mtu anaingia tu na "habari za jukwaa", kwa hiyo nimejipokelea shikamoo zenu mwenyewe kabla hazijapotea. Mimi ni bibi, mwalimu mstaafu, naishi Iringa mjini, macho bado yanaona na kidole kimoja bado kinachapa. Ninayosimulia niliyaona. Yale ambayo sikuyaona nitawaambia wazi kwamba hapa niliambiwa.

Nimeletwa hapa na uzi wa juzi wa kijana mmoja wa Dodoma. Eti "nikistaafu nanunua gari la porini, nawinda, nalala kwenye hema, ndiyo naanza kuishi." Mkammiminia likes. Mwingine akaandika "hiyo ndiyo life mkuu." Nikacheka mpaka mjukuu akaja mbio akidhani nimepaliwa.

Mtu wa namna hiyo namjua vizuri, wakuu. Alikuwa baba yangu mzazi.

Turudi miaka ya hamsini, Mbeya.

Baba alikuwa karani mkuu pale boma. Nyie hamjui karani mkuu wa enzi zile alikuwa mtu gani. Kaptula ya kaki imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, soksi hadi magotini, kalamu mfukoni. Akipita barabarani watu wanakata maongezi.

Sisi ni Wahehe wa upande wa Idodi, kule chini kwenye joto, njia ya kwenda Ruaha. Ukoo wetu ni wa wawindaji. Babu aliwinda, baba yake babu aliwinda. Baba akasoma misheni, akawa karani, na hakuna ubaya wowote. Ubaya ni kwamba hakutaka kukubali kuwa yeye ni karani.

Sebuleni kwetu kulitundikwa gobori la babu. Leseni Baba alikuwa nayo, na kila mwaka aliihuisha. Jumamosi jioni analishusha, analipaka mafuta, anachungulia mtutu, analirudisha ukutani. Gobori liling'aa kuliko sufuria za Mama. Na muda wote tuliokaa Mbeya, sikuwahi kulisikia likilia.

Mgeni akija, ole wake. Baba anamkalisha chini anaanza somo. Nyati aliyejeruhiwa usimfuate kwenye nyasi ndefu. Tandala mwendee upepo ukikupiga usoni. Mguu wa mbele, kanyaga na unyayo wa nje kwanza. Wageni wanatikisa vichwa na kumwita "fundi".

Ufundi wote huo aliusikia kwa Bwana Shauri.

Kwa wasiojua, Bwana Shauri ndiye alikuwa mzungu wa wilaya. Huyu wa kwetu alipenda kuwinda kuliko kusikiliza kesi. Ijumaa mchana tu anapakia bunduki na mbwa kwenye Land Rover, anateremka Usangu kupiga kanga na kwale. Jumatatu anarudi kaungua na jua, anamsimulia Baba, na Baba kasimama na mafaili kifuani, "yes sir, yes sir".

Sasa nawauliza, Jumamosi nani alikuwa analinda boma? Si Baba! Mzungu alipata muda wa porini kwa sababu karani wake hakubanduka mezani. Mama alimwambia hivyo siku moja, akanuniwa mpaka Jumatano.

Likizo alikuwa nayo, tena haki yake. Hakuichukua. Alisema akiondoka, boma litayumba.

Kila kiangazi Baba Mdogo Galus, mdogo wake wa tumbo moja, alipanda basi kutoka Iringa kuja kumfuata. Huyu shule ilimshinda mapema, akabaki anawinda na kulima.

"Kaka, twende. Wiki moja tu."

"Mwakani. Nikistaafu nitakuwa na muda wote."

Baba Mdogo anakula, analala, anarudi kwao peke yake. Kiangazi kinachofuata huyo tena, na maneno yale yale.

Mama naye alikuwa na hamu yake. Alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, mwanamke wa kucheka kwa sauti, wa kutembea kwa miguu milima na mabonde. "Basi nipeleke mimi hata siku mbili nikauone huo mto Ruaha mnaousifia." Baba anamjibu porini si mahali pa wanawake, asubiri, tukistaafu atauona. Tukistaafu! Mama alikuwa anapika, anafua, analima bustani, analea. Hakuna aliyewahi kumwambia yeye anastaafu lini.

Haya, siku ikafika. Baba akaagwa kwa chai na keki pale boma. Bwana Shauri akampa zawadi: buti zake za kuwindia. Buti za maana, ngozi nene, misumari chini. Kasoro moja tu, mzungu yule alikuwa na miguu mikubwa na Baba miguu yake ilikuwa ya kawaida. Akazijaza karatasi mbele. Mama akamwambia zitamchubua, akaambiwa yeye hajui buti.

Tukahama. Basi hadi Iringa, lori kupitia Ipogolo, kisha barabara ya vumbi hadi kijijini kwetu, mbele kidogo ya Idodi. Mimi nilikuwa mwalimu mpya katika shule ya misheni, nikawa nimekuja nyumbani kwa likizo ndefu. Kijiji kizima kilikuja kumpokea. "Kamwene, karani! Kamwene!" Baba akawatangazia pale pale, kabla hata mizigo haijashuka, kwamba wiki ijayo watakula nyama.

Sasa sikilizeni mila ilivyokuwa, maana bila hiyo hamtaelewa kisa.

Kwetu mume akiwa porini anawinda, mke naye yuko kazini. Anabaki nyumbani analinda moto wa jiko usizimike. Hagombani na mtu. Hali chumvi. Hampi mkono mwanamume. Hatoki kwenda kulala kwingine. Akitulia, mnyama naye anatulia mbele ya mwindaji. Mwindaji akirudi mikono mitupu, basi watu wanamgeukia mke: umefanya nini, na nani?

Na mila nyingine ni ya wanaume huko huko porini. Mdogo hafyatui kabla ya kaka yake. Mkubwa anapiga kwanza, wengine ndiyo wanafuata.

Baba siku zote alisema hayo ni mambo ya kizamani. Mkristo, msomi, mtu wa boma! Shikeni hilo hapo.

Msimamizi wa mila alikuwa Shangazi, dada mkubwa wa Baba. Mwimba kwaya, sauti ya kwanza, na miiko yote ya ukoo anaijua. Akamkalisha Mama chini, akampangia moja baada ya nyingine. Mama akasema sawa.

Baba akaondoka na Baba Mdogo, gobori begani, buti zinalia kwenye mawe. Sisi tukabaki.

Wakuu, Mama alitulia. Nilikuwepo, nawaapia. Ugali bila chumvi, mboga bila chumvi. Jirani mmoja akaja kumtukana kwa sababu ya mbuzi, Mama akamwitikia "ahsante". Mama yangu mimi, aliyekuwa anaweza kujibizana na soko zima la Tukuyu!

Wiki ikaisha, wanaume wakarudi. Wanawake wa jirani walikuwa wamekuja na vyungu vyao kabisa. Baba anachechemea, Baba Mdogo anatazama chini. Hata kanga hakuna.

Shangazi akauliza mbele za watu, "Porini kumekuwaje?"

Baba akajifuta jasho. "Mimi kwa upande wangu nilifanya kila kitu. Ya nyumbani siyajui."

Mnaona alivyojitoa? Maneno ya kiofisi, safi kabisa. Hakumtaja mtu, na kila mtu akamtazama Mama. Yule msomi wa mambo ya kizamani alikuwa ameikumbuka mila ghafla.

Mwezi uliofuata akaenda tena. Mama akatulia tena, akakonda. Baba akarudi mikono mitupu, safari hii na mguu mmoja umefungwa kitambaa.

Hapo maneno yakashika moto. Mara Mama alionekana akicheka na muuza chumvi aliyepita na baiskeli. Mara Wanyakyusa wanawake wao ndivyo walivyo. Watu aliowapikia chai juzi wakaanza kumsalimia kwa mbali. Usiku hakulia wala nini, lakini kile kicheko chake kikapotea, na mimi ndicho kilichoniuma kuliko yote.

Kikao cha ukoo kikaitwa. Mimi nilikaa mlangoni, nikasikia kila neno. Wazee wakasema Mama arudishwe kwao Tukuyu mpaka atakapotaja jina la mwanamume. Akitaja, ukoo utaangalia. Asipotaja, abaki huko huko.

Nikamtazama Baba. Alikuwa amekaa kwenye kiti, wengine kwenye mkeka, mikono kwenye magoti. Mtu aliyeongea na wageni miaka yote kuhusu unyayo wa nje wa mguu wa mbele, siku hiyo alikuwa hana neno.

Mama akaomba kusema.

"Ndaga fijo, ahsanteni sana, wazee. Nimesikia. Nitarudi Tukuyu. Lakini kabla sijarudi, aende porini mara moja tena, na mimi niende naye. Akinilinda mwenyewe kwa macho yake, nitaharibu saa ngapi?"

Wakacheka. Mzee mmoja akasema haiwezekani, mke haachi moto.

"Siuachi," Mama akasema. "Nitaubeba."

Wakatazamana. Kweli, mwiko ulisema mke asiache moto, na hakuna aliyewahi kusikia mwiko unaokataza kutembea nao. Walibishana mpaka koo zikawakauka. Mwisho Shangazi ndiye aliyekata shauri: mke aende, na yeye Shangazi aende kumlinda, maana mume anaweza kuona haya kusema aliyoyaona. Na mimi nikaambiwa nibebe vyakula.

Basi hebu pigeni picha msafara ule. Mbele Baba Mdogo Galus na gobori lake. Nyuma yake Baba na lile gobori la babu, na buti. Halafu Mama na chungu kichwani, makaa yamefukiwa kwenye majivu, anaongeza vijiti kila tukipumzika. Halafu Shangazi, macho hayambanduki Mama mgongoni, anaimba tenzi kwa pumzi za mwisho. Mbung'o wanatuuma wote bila kuangalia cheo.

Jua halijafika katikati, Baba akakaa.

"Unapumzika?" Shangazi akauliza.

"Nasoma upepo."

Tukatembea kidogo, akasoma upepo tena. Mara ya tatu Mama akamwendea, akamvua buti bila kuomba ruhusa. Wakuu, ule haukuwa mguu. Malengelenge juu ya malengelenge, ya zamani na mapya, ngozi imechunika.

Shangazi akamgeukia Baba Mdogo. "Safari zile mbili alitembeaje?"

Baba Mdogo akakuna kichwa. Akamtazama kaka yake, akatazama miti. Shangazi alikuwa mkubwa kwao wote, kumkatalia hawezi.

"Hakutembea, dada. Alikaa kambini. Nikiona mnyama nakuja kumwita, tukifika mnyama kaondoka. Mimi nami siwezi kupiga kabla yake."

"Na hukusema?"

"Ni kaka yangu."

Hapo sasa ndipo nilipomchukia Baba Mdogo kwa muda wa kama nusu saa. Mtu mwema kabisa, angeacha mke wa kaka yake afukuzwe kwa ajili ya adabu tu!

Tukafika mtoni taratibu, Baba kafungwa kanga ya Mama miguuni, buti zimening'inizwa shingoni. Alikataa kuziacha.

Mto jamani. Mama aliposhusha chungu akasimama akautazama tu. Maji mapana, viboko wanapumua kule kwenye kina, ndege wengi mpaka huwezi kuongea. Akaingia mpaka magotini. Akacheka. Nilikuwa sijakisikia kicheko hicho tangu Mbeya, machozi yakanitoka nikasingizia moshi.

Alfajiri ya pili tandala akaja kunywa. Dume, mapembe yamejipinda. Tulikuwa nyuma ya kichuguu, upepo unatupiga usoni, kila kitu kama kwenye lile somo la sebuleni. Baba Mdogo akamgusa kaka yake bega.

Baba akanyanyua gobori.

Tukasubiri.

Tandala akanywa. Baba akanong'ona, "Bado, hajakaa vizuri." Tandala akageuka akatupa ubavu mzima. "Bado." Akanywa akashiba, akainua kichwa, akatutazama, akaondoka kwa kutembea. Hata mbio hakupiga, mnyama yule, kama vile alijua yuko na karani.

Mtutu ulikuwa bado juu. Shangazi akamshika Baba mkono, akaushusha.

"Ulikuwa unasubiri nini, wewe?"

Baba akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ndogo sana, "Sijawahi."

"Hujawahi nini?"

"Kupiga kitu. Tangu nizaliwe. Nilidhani nikipata muda nitaweza."

Nilimhurumia, sitawaficha. Alikuwa mzee mwenye miguu iliyochubuka, amekaa kwenye mchanga. Na mimi nikadhani Mama atamhurumia pia.

Mama akaja akasimama mbele yake.

"Hilo la kutoweza si kosa. Mimi mwenyewe siwezi. Lakini siku ya kikao ulijua. Ulijua hukutoka kambini. Nimekaa pale chini wananitafutia mwanamume, na wewe umekaa kwenye kiti, unajua."

 

Mama akarudi kwenye moto wake akabandika chai.

Tulirudi mikono mitupu kwa mara ya tatu. Watu walikuwa wamejaa, si kwa ajili ya nyama, bali kusikia hukumu. Mzee wa kikao akamuuliza Shangazi amelinda nini na ameona nini.

Shangazi akapanda kwenye baraza. "Aliyeharibu nimemwona kwa macho yangu mawili. Si Mnyakyusa huyu. Tazameni mliyemwekea kiti."

Akasimulia yote. Upepo uliosomwa, kambi, tandala aliyeshiba. Akamwigiza na sauti, "bado, bado." Watu walicheka mpaka wakashikana mabega, na wazee wale wale waliosema Mama arudishwe ndio waliocheka kuliko wote. Wazee wakasema basi yameisha, mke abaki. Hakuna aliyemwomba Mama radhi, si mzee, si jirani, si Baba. Yameisha tu, kama mvua.

Mama akasema kwake hayajaisha. "Mnasema nibaki. Nitabaki. Lakini kiangazi hiki narudi mtoni na shemeji na wifi, tukakae kama wiki. Na kwa kuwa mwenzangu miguu inamuuma, yeye atalinda moto."

Mwanamume alinde moto? Wakamtazama Baba akatae.

Baba akasema, "Nitaulinda."

Na aliulinda, wakuu. Hii sehemu niliambiwa, maana mimi nilikwenda nao mtoni. Alikaa jikoni karani mkuu mstaafu, ugali bila chumvi, anapuliza makaa, macho mekundu. Watu wanapita makusudi kumchokoza, anawajibu kwa upole kwa sababu kugombana ni mwiko. Yule jirani wa mbuzi alikwenda mara mbili.

Tukarudi na swala wawili, Baba Mdogo alipiga mwenyewe bila kusubiri ruhusa ya mtu. Shangazi kabla hata ya kutua mzigo akamsimamia Baba mlangoni, uwanja mzima unasikia:

"Na wewe, ulitulia?"

"Nilitulia," Baba akasema.

"Tumeona."

Mama alikwenda mtoni kila kiangazi mpaka magoti yalipomkatalia. Baba miaka yote hiyo alibaki na moto, na nyama haikukosekana, kwa hiyo kwa mila yetu hakuna mume aliyetulia kama yeye. Jioni moja kabla hajafa alimuuliza Mama mtoni kukoje. Mama akamsimulia kila kitu, mpaka rangi ya ndege. Alimsikiliza kama wageni walivyokuwa wanamsikiliza yeye.

Nilichojifunza mimi ni hiki. Ukistaafu, anayestaafu ni wewe yule yule. Kama hujawahi kulala porini ukiwa na miguu mizuri, pensheni haitakupa miguu mingine. Nenda kiangazi hiki, hata siku mbili, ofisi itabaki imesimama. Na umpeleke huyo unayemwambia asubiri, maana unatumia muda wake pia na hujamuuliza. Ukishindwa yote hayo, basi walau siku ukibanwa usinyamaze akabebeshwa mwingine.

Haya, uwanja wenu. Waliozeeka wakisubiri muda waje watuambie uliwafikia lini. Na wanaume mnaotaka kumtetea marehemu, njooni na hoja, nitazisoma zote. Ila mjue siku ya kikao watetezi wake walijaa mkeka mzima, na upande wa Mama hakukuwa na hata mmoja.